Nyama Iliyofanya Kazi

Begani mwa ng'ombe, juu ya ule mfupa mpana wa bapa, kuna kipande cha nyama ambacho Wafaransa wanakiita paleron. Ukikikata kwa kukingama unaona mstari mweupe umepita katikati yake, kano ngumu inayougawa mnofu pande mbili. Ukikichoma harakaharaka kama steki, utatafuna mpaka taya zichoke na mstari ule hautakatika. Ukikitia kwenye mvinyo mwekundu, ukafunika, ukakiacha juu ya moto mdogo kwa saa tatu, kano ileile inalainika, inapitisha mwanga, inateleza ulimini, na midomo inabaki ikinata baada ya tonge la mwisho. Waliokulia kwenye supu ya makongoro wanaujua unato huo.

Kipande hicho ndicho ninachokitafuta kila ninapotaka kupika bœuf bourguignon, nyama ya ng'ombe na mvinyo kwa mapishi ya watu wa Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa. Naishi Dijon, mji uliokuwa makao ya watawala wa Bourgogne, na hapa mazungumzo juu ya chakula hiki huanzia kwenye mvinyo: upi, wa mwaka gani, chupa ngapi. Nawaelewa wenyeji wangu, maana mvinyo ndio fahari yao na ndio mkate wao. Lakini kadiri ninavyozidi kukipika ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba chakula hiki kilitungwa kwa ajili ya nyama ngumu, nyama ya mnyama aliyefanya kazi, na kwamba tukiisahau kazi hiyo hatuelewi tena kwa nini tunakaa jikoni muda wote huo.

Mnyama hujenga kano kwa kuutumia mwili wake. Sarara, ule mnofu uliojificha chini ya uti wa mgongo, haubebi uzito wala hausukumi chochote, ndiyo maana kisu kinapita humo bila taabu. Bega, shingo, muundi na shavu havijui kupumzika: ng'ombe anatembea, anainama, anainuka, anatafuna na kucheua saa zote. Msuli unaofanya kazi nyingi umefungwa kwa nyuzi nyingi za kolajeni, na mnyama akizeeka nyuzi hizo hushikana zaidi na kuwa sugu. Katika majimaji ya moto zinaanza kuachia taratibu joto likivuka nyuzi 60 na kitu za Selsiasi, na zinayeyuka kwa kasi zaidi kuanzia 80 kwenda juu. Zikiyeyuka, zinakuwa jelatini. Kazi hiyo inataka muda. Moto mkali hauisaidii. Wakati huohuo mnofu wenyewe umeshabanwa na joto na kukamuliwa maji yake, kwa hiyo ukionja baada ya saa moja utaikuta nyama katika hali mbaya kuliko zote, kavu na ngumu kwa pamoja. Wengi hukata tamaa hapo, wakaongeza moto, na mnofu ukakauka zaidi kabla kano hazijalegea. Anayevumilia mpaka saa ya tatu anakuta jelatini imeupaka kila uzi wa nyama, na ulimi unaona ulaini ambao kwa hakika ni zile kano zenyewe zilizosambaa.

Bourgogne si nchi ya namna moja. Ukitoka Dijon kwenda kusini unaifuata miteremko ya Côte d'Or, mizabibu mitupu hadi Beaune na kupita, vijiji ambavyo majina yao yako kwenye chupa zinazouzwa kwa bei ya kutisha: Gevrey-Chambertin, Vosne-Romanée, Pommard. Mgawanyo wa mashamba yale, wenyeji wanauita climats, uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015. Ukikata magharibi unapanda Morvan, vilima vya misitu na mawe magumu, nchi iliyokuwa maskini kwa karne nyingi. Kusini zaidi kuna malisho ya Charolais, kwao ng'ombe weupe wanaojulikana duniani kwa jina hilo, na katika upande huo kijiji cha Saint-Christophe-en-Brionnais kina mnada wa ng'ombe tangu mwaka 1488. Mvinyo na nyama vimekutana kwenye sufuria moja, lakini mikono iliyovilea haikuwa ileile, wala haikuwa na mifuko inayolingana.

Mawazo yangu huenda Morvan. Katika karne ya 19 wanaume wa huko waliondoka makwao majira ya kuchipua na jozi zao za maksai, wakaenda kufanya vibarua vya kukokota magogo na mizigo katika mikoa mingine, wakarudi baridi ilipokaribia. Waliitwa galvachers, na kijiji cha Anost kimewajengea makumbusho. Ng'ombe wa asili wa Morvan walikuwa wekundu wenye mstari mweupe mgongoni. Aina hiyo imetoweka, na nafasi yake ikachukuliwa na wale weupe wa Charolais, ambao nao walivuta majembe na mikokoteni kabla ya kufugwa kwa ajili ya nyama tu. Mtu aliyeshinda miezi njiani na jozi yake aliijua hatua ya kila mnyama, anayevuta kwa moyo na anayetegea, na siku ilipofika ya kumuuza mzee aliyechoka, aliuza nguvu aliyoishi nayo.

Sisi tuliokulia Dodoma hatuhitaji kuchorewa picha hiyo. Maksai analima msimu baada ya msimu, shingo yake inaota sugu pale nira inapokaa, na akishindwa kuvuta plau anapelekwa mnadani. Nyama yake ikifika nyumbani, sufuria inawekwa jikoni mapema na hakuna anayeuliza kama imeiva mpaka jua lianze kupoa. Mama yangu alikuwa akiitazama tu nyama mbichi, rangi yake iliyokolea na weupe wa kano zake, akajua itakula kuni kiasi gani. Ujuzi huo hauko mbali na ule wa mwanamke wa Morvan aliyesimama mbele ya moto wake.

Menyu nyingi zinasimulia kwamba bourguignon ni chakula cha wakulima maskini tangu enzi za kati. Siamini hivyo. Kwenye maandishi kinaanza kutajwa karne ya 19, na mkulima wa kawaida wa kabla ya hapo, alipopata nyama, alikula zaidi ile ya nguruwe iliyotiwa chumvi, tena kwa kiasi. Ng'ombe alikuwa mali, nguvu ya shamba na akiba ya siku mbaya. Maksai mzee alinenepeshwa akauzwa, akaishia kwenye vyungu vya watu wa mjini. Kwa mkulima mwenyewe, nyama ya ng'ombe ilikuwa ya siku kubwa. Sioni kama ukweli huo unakipunguzia chakula heshima, kwangu unakiongezea. Unanionyesha nyama ile kwa macho yao: kitu adimu, ambacho hata kipande chake kigumu kuliko vyote hakikutupwa, kikatafutiwa namna ya kulika na kupendeza.

Baadaye kikapanda ngazi. Auguste Escoffier, mpishi aliyeongoza majiko ya hoteli kubwa za London na Paris, alikiingiza katika Le Guide culinaire, kitabu chake cha mwaka 1903, na kwake kilikuwa kipande kizima cha nyama. Majumbani kiliendelea kuwa vipande. Mwaka 1961 Julia Child, Mmarekani aliyesomea upishi Paris, akishirikiana na Simone Beck na Louisette Bertholle, alitoa Mastering the Art of French Cooking. Mswada wake ulikuwa umekataliwa na mchapishaji mmoja kabla ya kufika mikononi mwa Judith Jones, mhariri wa kampuni ya Knopf mjini New York, ambaye aliuchukua nyumbani, akaipika bourguignon iliyoelezwa humo, na ladha yake ikamshawishi kwamba kitabu lazima kichapishwe. Februari 1963 Child alipoanza kipindi chake cha televisheni mjini Boston, chakula hichohicho ndicho alichokipika siku ya kwanza.

Katika mapishi yake kuna jambo dogo linalonigusa kila mara. Watu wa Bourgogne hutia vijipande vya nyama ya nguruwe yenye mafuta, iliyohifadhiwa kwa chumvi bila moshi. Nyama ya namna hiyo iliyopatikana kwa urahisi madukani Marekani ilikuwa ya kukaushwa kwa moshi, na moshi ungefunika kila kitu. Basi Child akawaagiza wasomaji wake waichemshe kwanza kwa dakika 10 ili moshi utoke. Mtu anayekihamisha chakula kutoka nchi hadi nchi anapaswa kuwa mwangalifu hivyo, ajue kila kiungo kimebadilika nini kilipovuka bahari na achukue hatua kulingana nacho. Wengi hubeba jina tu.

Soko la Dijon liko katikati ya mji, chini ya paa la chuma na vioo lililojengwa miaka ya 1870. Jumamosi asubuhi watu wanapishana humo na vikapu, jibini zinanukia upande mmoja na kuku wa kuokwa upande mwingine. Mwenye bucha wa hapa hakuulizi unataka kilo ngapi kabla hajajua unapika nini. Ukimtajia bourguignon, anauliza walaji ni wangapi, kisha anaanza kuchagua mwenyewe.

"Usichukue kipande cha namna moja, mama," aliniambia yule ninayenunua kwake. "Paleron kwa ajili ya ile kano, shavu kwa ajili ya rojo, na muundi kidogo. Kila kijiko kiwe na habari yake."

Nami humuuliza umri wa mnyama. Swali hilo linamfurahisha, kwa sababu wengi huuliza wekundu wa nyama na bei. Mtu angeweza kudhani kwamba nyama ya mfanyakazi imekwisha Ufaransa, maana maksai wa kulima waliondoka mashambani matrekta yalipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Lakini sehemu kubwa ya nyama ya ng'ombe inayoliwa katika nchi hii inatoka kwa ng'ombe jike waliokwisha kuzaa, na wengi wao ni wa maziwa, waliokamuliwa miaka kadhaa kabla ya kupelekwa machinjioni. Sheria inataka mlaji aelezwe kama nyama ni ya ng'ombe wa maziwa au wa nyama. Nikisoma neno la maziwa kwenye kibandiko najua nina mbele yangu mnyama aliyebeba mimba, akazaa, akasimama mara mbili kwa siku kwenye mashine ya kukamulia, akailisha jibini nusu ya mji huu. Kazi yake haionekani barabarani kama ilivyoonekana ile ya jozi za Morvan, lakini ameifanya. Kwa nyama ya kuchoma ningechagua mwingine. Kwa sufuria ya saa tatu namtaka yeye, mwenye umri na ladha iliyokolea, na natamani mabucha yaache kumuuza kama kitu cha kuficha.

Jikoni, jambo la kwanza ni kukausha. Nakata vipande vikubwa, sentimita tano kila upande, maana vidogo husambaratika kabla havijaiva. Navitandaza juu ya kitambaa safi na kuvikandamiza kwa kingine, nageuza, nakandamiza tena, mpaka kitambaa kisiwe na pa kulowa. Nyama yenye maji haishiki rangi: joto lote linaishia kuyageuza maji kuwa mvuke, na uso wa nyama hauwezi kupita nyuzi 100 wakati umelowa. Rangi ya kahawia na ile harufu inayomfanya mtu aingie jikoni kuuliza kinapikwa nini huja kwenye joto la juu zaidi, pale chembe za protini na za sukari zinapokutana na kuzaa mamia ya ladha mpya. Aliyeueleza mchakato huo mwaka 1912 ni mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Sufuria nzito ya chuma inapata moto, mafuta yanaanza kutetemeka, na vipande vinaingia vichache vichache, vikiachana nafasi. Sikio hapa lina kazi kuliko jicho. Kipande cha kwanza kinapogusa chuma kinalia kwa sauti kali, kavu, inayopasuka. Ukijaza sufuria sauti inashuka, inakuwa nzito, inaanza kubwata. Maana yake nyama imeachia maji na sasa inachemka katika jasho lake yenyewe, na muda si mrefu itakuwa ya kijivu. Ukivipa vipande nafasi sauti inabaki juu. Kipande ambacho hakijawa tayari kinang'ang'ania chuma, ukikivuta kinachanika. Kiache. Kikishapata rangi kinajiachia chenyewe, unakigeuza kwa kukisukuma tu, na upande ulioiva unang'aa hudhurungi yenye wekundu pembeni, na chumvi yake imekauka juu kama vumbi. Napenda kuwa peke yangu dakika hizo. Pande zote sita za kila kipande, bila haraka, dirisha likiwa wazi.

Chini ya sufuria kumebaki ukoko wa kahawia. Humo ndimo vinamoingia vitunguu na karoti, kisha kijiko cha unga wa ngano unaokaangwa mpaka unukie, kisha mvinyo. Unapomwagika unavuma, unapandisha povu la zambarau, na mwiko unakwangua ule ukoko mpaka wote unayeyuka. Nyama inarudi na supu ya mifupa kidogo, kitunguu saumu na shada la majani ya kunukia, mfuniko unafungwa na sufuria inaingia kwenye oveni ya nyuzi 140 au 150. Vitunguu vidogo vizima na uyoga hukaangwa pembeni na kuongezwa mwishoni. Vikipikwa tangu mwanzo havibaki na umbo wala ladha yao.

Kuhusu kuloweka nyama kwenye mvinyo usiku kucha, majirani zangu wamegawanyika kambi mbili na hawatapatana. Mvinyo hauingii ndani sana ya nyama, na nyama iliyolowekwa ni kazi kuikausha. Mimi siloweki.

Na mvinyo upi? Mvinyo mwekundu wa Bourgogne unatokana na zabibu za pinot noir, na bei yake siku hizi haimruhusu mtu wa kawaida kuumwaga chunguni. Wapishi wengi wa hapa hununua chupa ya kawaida ya mkoa jirani, au ule unaoitwa Passe-tout-grains, unaochanganya pinot noir na gamay. Gamay ina historia ndefu ya kudharauliwa hapa: mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, alitoa amri ing'olewe kwenye mashamba yake, akiilaani kuwa mmea mbaya na usio mwaminifu. Wakulima walikuwa wakiipenda kwa sababu inazaa sana na haisumbui. Napika nayo kwa moyo mweupe. Mvinyo wa sufuria uwe mkavu, wenye uchachu, na uwe ule ambao mtu anaweza kuunywa bila kukunja uso. Zaidi ya hapo fedha inapotea, kwa sababu saa tatu za moto zinafuta yale mambo madogomadogo ambayo chupa ya gharama inalipiwa. Sukari ndiyo ya kuogopa. Nikiwa nyumbani Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na mvinyo hutengenezwa palepale, nachagua mwekundu mkavu na kuuacha ule mtamu, maana mvinyo ukipungua utamu wake hukolea na kugeuza rojo kuwa jamu.

Kuna dada mmoja wa Zanzibar anayeishi Lyon na huja kututembelea na wanawe. Safari moja alinikuta sufuria iko motoni.

"Dada, si wanasema pombe yote inapaa na mvuke?" aliniuliza.

"Wanasema, lakini haipai yote."

Na ndivyo ilivyo. Jedwali linalotumiwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba chakula kilichochemka nusu saa bado kina asilimia 35 hivi ya pombe iliyotiwa, kilichochemka saa moja kina asilimia 25, na baada ya saa mbili na nusu inabaki kama asilimia 5. Ni kidogo, lakini si sifuri, na kwa Mwislamu hesabu haianzii kwenye asilimia. Mwenye nyumba anayemwambia mgeni wake kwamba pombe imekwisha yote, ili tu asifu chakula, anachukua kitu ambacho si chake: haki ya mgeni kujua anachokula. Tena humo mna nguruwe. Siku hiyo nilikuwa nimeshanunua bega la ng'ombe kwenye bucha la halali, na sufuria yao ilikuwa nyingine kabisa: vitunguu vingi vilivyokaangwa mpaka vikawa kahawia, ukwaju kwa ajili ya uchachu, kijiti cha mdalasini, supu ya mifupa, na saa tatu zilezile. Kano zililegea vilevile, kwa sababu zinachotaka ni maji, joto na muda, na mvinyo haumo katika masharti yao. Sikukiita bourguignon. Kilikuwa chakula kamili, na hakikuhitaji kuazima jina la kingine.

Saa hizo tatu zina gharama. Katika nyumba za zamani za Morvan jiko la kuni liliwaka mchana kutwa wakati wa baridi kwa ajili ya joto la nyumba, na chungu kilikaa pembeni bila kuongeza kijiti kimoja cha kuni. Muda ulikuwa wa bure. Leo nyama ya bei nafuu inapoteza unafuu wake ukihesabu umeme, na kwa anayepikia mkaa au mtungi wa gesi Dar es Salaam hesabu ni kali zaidi. Ndiyo maana siwadharau wanaotumia sufuria ya presha, kama wapishi fulani wanavyofanya. Sufuria hiyo katika umbo linalojulikana na kila familia ya Kifaransa ilitoka mwaka 1953 katika kiwanda cha SEB kijijini Selongey, humuhumu Bourgogne, na ilimpa mama anayefanya kazi nje ya nyumba uwezo wa kupika nyama ngumu jioni baada ya kazi. Ndani yake maji hupita nyuzi 100 na kano zinayeyuka kwa saa moja au pungufu. Tatizo lake ni kwamba mvuke hautoki, kwa hiyo mvinyo haupungui na rojo linabaki jepesi lenye ukali. Dawa ni kutoa nyama, kuacha rojo lichemke bila mfuniko mpaka lishike mgongo wa kijiko, kisha kuirudisha. Nimekula bourguignon ya presha iliyofanywa hivyo, kwa mikono ya mama anayelea watoto watatu, na ilikuwa nzuri.

Ikishaiva, bora isiliwe siku hiyo. Naiacha ipoe, naiweka kwenye friji, na asubuhi naikuta imeganda: mafuta yamepanda juu na kuwa tabaka jeupe ninaloliondoa kwa kijiko, na chini yake jelatini imeshikilia kila kitu mahali pake. Ukipasha taratibu, ukali wa mvinyo umetulia na nyama imekolea mchuzi. Wafaransa, wasiopenda kupasha chakula, hapa wanakubaliana na kila nyumba ya uswahilini inayokipenda kiporo chake. Kwa viazi vya kuchemsha, au mkate tu wa kufutia sahani, hakuna kinachobaki mezani.

Isipokuwa rojo, ukilipika la kutosha. Nyama ikiisha, watu wa Bourgogne hulipasha rojo mpaka litokote kidogo, wakapasulia mayai ndani yake, wakayaacha ute ushike na kiini kibaki kikitiririka, kisha wakayaweka juu ya mkate uliokaushwa na kusuguliwa kitunguu saumu. Yanaitwa œufs en meurette, na mikahawa huyatengenezea rojo lake mahususi, lakini hilo halijawahi kulala na nyama usiku kucha. Wako watu mjini Dijon wanaonunua nyama ya walaji wanane wakati nyumbani wako wanne, wakijua wazi wanawinda mayai ya siku ya tatu. Mwenye bucha wangu anajua mimi ni mmoja wao, na ananipimia hivyo bila kuuliza.